Mafaili Mawili ya Mahenge: Siri Iliyokaa Mtoni

Leo tuache siasa za Bongo kidogo. Nataka tuzungumze habari ya upelelezi, ila si wa aina ile ya magazeti ya udaku. Haina maiti kwenye buti la gari wala mganga aliyekamatwa na viungo vya binadamu. Ina mji mdogo mlimani, ina watoto waliofichwa ndani, ina wapelelezi kutoka Norway, Uswisi, Muhimbili, Ujerumani, Tanga na Ubelgiji. Na ina mtuhumiwa ambaye kila mwanakijiji alikuwa anamuona kila siku, anampiga kofi, anaendelea na kazi zake.

Twende Ifakara kwanza. Ukishuka treni ya TAZARA pale, unakuta bonde tambarare: mpunga, miguu ya watu ina tope, baiskeli nyingi kuliko magari. Maji ya Kilombero hayana haraka. Masika yanasambaa, yanatuama, na yakituama yanazaa mbu. Ndiyo maana Ifakara ikawa jina kubwa duniani kwa utafiti wa malaria. Mwaka 1949 profesa wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifika kwa mara ya kwanza, na mwaka 1957 akafungua maabara ndogo pale. Hiyo maabara ndiyo babu wa taasisi tunayoijua kama Ifakara Health Institute.

Sasa vuka mto. Miaka ya nyuma ulikuwa unavuka kwa pantoni, na mto ukifurika unasubiri mpaka ushuke moyo. Siku hizi kuna Daraja la Magufuli, mita 384, unapita bila hata kufunga dirisha. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda. Kama kilomita 70 kutoka Ifakara unafika Mahenge, mji wa mlimani wenye baridi na migomba. Tuliosoma historia ya sekondari tunaukumbuka kwa Maji Maji: Agosti 1905 wapiganaji walilivamia boma la Wajerumani na bunduki za rashasha zikawafyeka. Jirani yake kuna misheni ya Kwiro. Wenyeji ni Wapogoro.

Miaka ya 1960 Ifakara na Mahenge zilikuwa bado ndani ya wilaya moja, Ulanga. Likumbuke hilo, maana ndilo linalofanya kisa hiki kiume.

Faili la kwanza

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja Tanganyika daktari kijana wa kike kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye aliolewa akawa Jilek-Aall. Alikuwa amesomea magonjwa ya nchi za joto. Huko Mahenge akakuta jambo ambalo vitabu vyake havikuwa vimemwandaa nalo: kifafa kila upande.

Kifafa kipo duniani kote, sawa. Lakini hapa kilikuwa kwenye familia baada ya familia, na mara nyingi kilianza kwa namna ya ajabu. Mtoto mzima, anayecheza na wenzake, anafika umri wa kwenda shule halafu siku moja kichwa kinaanza kuanguka mbele. Kinainuka, kinaanguka tena, kama mtu anayesinzia kwenye basi la usiku. Dakika chache kinaacha. Wenyeji walilijua hilo na walikuwa wanalisema kwa maneno yao, kwamba mtoto anasinzia kichwa. Baadaye, kwa wengi, ndipo kinakuja kifafa chenyewe: kuanguka, kukakamaa, kutoka povu. Wengine akili inarudi nyuma, na shule inaishia hapo.

Siri ya mji ilikuwa nini? Kwamba watu hawa walikuwa wanafichwa. Iliaminika kifafa kinaambukiza, kwamba mate ya mtu anayeanguka, mkojo wake, hata hewa yake, vinaweza kukupa na wewe. Iliaminika pia kuna mkono wa mizimu au wa mtu mbaya. Kwa hiyo mgonjwa akianguka, watu wanakimbia. Akianguka kwenye moto wa jikoni, watu wanakimbia. Akianguka mtoni, watu wanakimbia. Alikula peke yake na kulala peke yake. Ndugu msomaji, ukiona mtu wa huko ana kovu la moto usoni au mkono uliojikunja, hilo kovu linakueleza mambo mawili: kwamba alianguka, na kwamba hakuna aliyemvuta.

Sitaki tuwacheke wazee wa Mahenge. Jiulize: mtu anaona ugonjwa unakwenda kaya kwa kaya katika kijiji kimoja, na kijiji cha ng'ambo hakuna. Atafikiri nini? Atafikiri unaambukiza. Na kama tutakavyoona, hakuwa mjinga hata kidogo. Alikosea tu nani anayembeba.

Dk. Aall alianzisha kliniki ya kifafa na kugawa dawa za bei rahisi, hasa fenobabitoni. Watu waliokuwa wanaanguka wakaacha kuanguka. Habari ikasambaa, na waliofichwa wakaanza kutolewa nje. Mwaka 1965 alichapisha ripoti yake ndefu juu ya kifafa kwa Wapogoro katika jarida la magonjwa ya akili la Skandinavia, na humo kusinzia kichwa kulikuwemo. Hilo ndilo faili la kwanza.

Faili la pili

Sasa sikia. Mwaka huohuo, 1965, jarida la Uswisi linaloitwa Acta Tropica lilichapisha makala nyingine juu ya Ulanga hiyohiyo. Waandishi walikuwa Geigy, yuleyule wa maabara ya Ifakara, pamoja na wenzake Colas na Fernex. Wao hawakuandika juu ya kifafa. Waliandika juu ya usubi.

Usubi ni jina la inzi na ni jina la ugonjwa. Inzi ni mdogo, mweusi, ana mgongo kama nundu, anauma mchana. Tofauti na mbu, hataki maji yaliyotuama. Anataka maji yanayokimbia, yanayopiga mawe na kutoa povu, kwa hiyo bonde la Ifakara halimfai sana, lakini vijito vya milima ya Mahenge ni peponi kwake. Jike akikuuma anaweza kukuachia minyoo. Minyoo mikubwa inakaa kwenye vinundu chini ya ngozi, mtu anaishi nayo hata miaka 10 au 15, na muda wote inazaa vijinyoo vidogo mno vinavyotembea kwenye ngozi na kwenye macho. Ngozi inawasha mpaka inakuwa kama ya mzee. Macho yanaweza kupofuka. Mwaka 1969 Mswisi mwingine, Häusermann, alichapisha kazi nzito juu ya maisha ya inzi hao kwenye milima ya Mahenge.

Mmeona? Wilaya moja. Mwaka mmoja. Faili moja kwenye kabati la madaktari wa akili, lingine kwenye kabati la wataalamu wa wadudu. Moja linasema watoto wa hapa wanaanguka, lingine linasema watu wa hapa wana minyoo ya usubi. Ingehitajika meza moja tu na kikombe cha chai.

Kabla hujasema kwamba hakuna mtu angeweza kuliwaza, tayari kulikuwa na watu waliokwisha kuliwaza kwingine. Mwaka 1938 daktari mmoja huko Mexico alikuwa ameandika kwamba sehemu zenye usubi zina kifafa kingi. Na mwaka 1950 madaktari wawili wa Uganda, Raper na Ladkin, waliandika juu ya watoto waliodumaa, wengine wenye kifafa, katika eneo la usubi karibu na msitu wa Mabira. Makaratasi yalikuwepo ila hayakusomwa pamoja.

Hesabu ya makaburi

Jilek-Aall alihamia Kanada lakini hakuisahau Mahenge, alirudi mara kwa mara. Mwaka 1992 yeye na Dk. Rwiza wa Muhimbili walichapisha ufuatiliaji wa wagonjwa 164 wa ile kliniki kwa miaka 30. Watu 110 walikuwa wamekufa. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na kifafa chenyewe: degedege lisilokatika, kuzama majini, kuungua moto.

Narudia, kuzama na kuungua, miaka ambayo sisi tunajisifu tumepata uhuru na elimu kwa wote.

Lakini ripoti hiyo ina upande mwingine ambao hausemwi. Waliopata dawa, zaidi ya nusu waliacha kabisa kuanguka, na wengine wengi walipungua. Kwa vidonge vya bei ndogo kuliko soda. Kwa hiyo hata kabla ya kumjua mtuhumiwa, njia ya kuokoa maisha ilikuwepo. Kilichokosekana ni dawa kufika kila mwezi na mtu wa kuandika jina la mgonjwa kwenye daftari.

Mwaka huohuo Rwiza na wenzake walitoa takwimu za wilaya nzima ya Ulanga. Waliwahoji watu 18,183 katika vijiji 11. Kwa wastani, watu 10 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa hai. Wastani huo ni wa juu, lakini wenyewe haukushtui sana. Kinachoshtua ni tofauti kati ya vijiji: kimoja 5 kwa 1,000, kingine 37 kwa 1,000. Mpelelezi yeyote akiona hivyo anajua kwamba jawabu halipo kwenye damu ya kabila, kwa sababu kabila ni moja. Lipo kwenye kitu ambacho kijiji hiki kinacho na kile hakina. Swali lilipaswa kuwa moja tu: nani anaishi karibu na maji yanayokimbia?

Mtuhumiwa ana alibai

Miaka ya 2000 daktari wa mishipa ya fahamu kutoka Ujerumani, Andrea Winkler, pamoja na William Matuja wa Muhimbili na wengine, walirudi Mahenge. Mwaka 2008 walichapisha maelezo ya wagonjwa 62 wanaosinzia kichwa na kuonyesha kwamba hicho ni kifafa, si tabia wala pepo. Usubi ulikuwa kwenye orodha yao ya watuhumiwa.

Hapo kesi ikaleta mgogoro. Mwaka 2010 kundi hilo lilichapisha matokeo ya kutafuta minyoo ya usubi kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Hawakuikuta. Ni kama umemtuhumu mtu kuiba ndani ya nyumba halafu unakuta hakuna hata alama ya kidole chake mlangoni. Wakili yeyote angesema mteja wangu aachiwe huru.

Wakati huohuo, kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader, maelfu ya watoto walikuwa wanasinzia kichwa, wengi hasa wakiona chakula. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani waliitwa. Vyombo vya habari vya dunia vikaandika juu ya ugonjwa mpya wa ajabu. Mpya! Wakati Mahenge ilikuwa na faili la tangu 1965. Uganda watu walisema ni sumu za vita vya Kony, au chakula cha msaada makambini, au roho za waliouawa. Na hapa ndipo Mahenge inakuwa shahidi muhimu: Mahenge haikuwa na Kony. Haikuwa na makambi. Haikuwa na mahindi ya msaada. Ilikuwa na mito inayokimbia, tu.

Ushahidi mzito ulikuja kutoka Kameruni. Huko, watafiti walikuwa wamepima minyoo kwenye ngozi za watoto mwaka 1991 hadi 1993, kabla dawa ya usubi haijagawiwa. Mwaka 2017 wengine walirudi vijiji vilevile kuuliza nani alipata kifafa baadaye. Mtoto aliyekuwa na vijinyoo vingi zaidi ndiye aliyekuwa na hatari kubwa zaidi. Minyoo ilitangulia, kifafa kikafuata. Matokeo yalichapishwa 2018.

Namna gani mnyoo ambao haukutwi kwenye ubongo unauharibu ubongo? Hapo wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2017 kundi moja lilisema huenda kinga ya mwili inayopigana na mnyoo inawashambulia na wenyeji wa nyumba, yaani seli za ubongo zinazofanana nao. Wengine hawakuridhika na ushahidi huo. Lakini hukumu ya jumla imeegemea upande mmoja: penye usubi mwingi usiodhibitiwa, watoto wanapata kifafa. Wamekipa hata jina, kifafa kitokanacho na usubi.

Miaka 20 ya vidonge

Sasa tufike sehemu inayoniuma zaidi. Dawa ya usubi ipo. Inaitwa ivamektini, wengi vijijini wanaijua kwa jina la Mectizan. Ilitokana na kijidudu kilichookotwa kwenye udongo karibu na uwanja wa gofu Japani, ikawapa Satoshi Ōmura na William Campbell tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa ajili ya usubi. Mahenge ilianza kugawiwa kupitia wanakijiji wenyewe mwaka 1997.

Basi tatizo limekwisha? Hapana. Mwaka 2017 timu ya Bruno Mmbando wa NIMR Tanga, pamoja na Robert Colebunders wa Chuo Kikuu cha Antwerp, ilipita nyumba kwa nyumba Mahenge. Baada ya miaka 20 ya dawa, vijiji viwili vya ndani vilikuwa na kifafa kwa asilimia 3.5 ya watu. Vijiji viwili vya karibu na mji, asilimia 1.5. Na watoto wadogo walikuwa bado wana dalili kwenye damu kwamba usubi unaendelea kuwaambukiza.

Kwa nini? Dawa haiui mnyoo mkubwa, inaua watoto wake tu, kwa hiyo lazima umeze mwaka hadi mwaka mpaka mnyoo ufe kwa uzee. Ukiruka miaka miwili, inzi anakuta karamu. Mama mjamzito hapewi. Mtoto chini ya miaka mitano hapewi. Mgawa dawa ni mwanakijiji anayejitolea, anapita siku ambayo wewe upo shamba la mpunga, mbali na nyumbani kwa wiki kadhaa. Wengine waliwahi kuwashwa na kuvimba baada ya kumeza wakaapa hawamezi tena. Kwenye ripoti za ofisini dawa imegawiwa. Kwenye damu ya mtoto, haijagawiwa.

Habari njema ni kwamba kuanzia 2019 Mahenge ilianza kupewa dawa mara mbili kwa mwaka, na ufuatiliaji uliofuata ulionyesha wagonjwa wapya wa kifafa wamepungua sana. Kaskazini mwa Uganda nako, baada ya dawa mara mbili kwa mwaka na kutia viuatilifu mitoni kuanzia 2012, wagonjwa wapya wa kusinzia kichwa waliacha kuonekana. Kwa hiyo ugonjwa huu unaweza kuzuiwa, na haukupaswa kusubiri nusu karne.

Nani mwenye hatia?

Sisi waandishi tukisikia Ulanga tunataka habari za wachawi kunyolewa na habari za mumiani. Zinauza. Mhariri anaziweka ukurasa wa mbele. Kisa cha inzi wa mtoni kinapewa safu mbili ukurasa wa 14, chini ya tangazo la msiba. Mimi mwenyewe siwezi kujitoa kwenye lawama hiyo.

Lakini angalia hesabu. Kwa Wapogoro, hofu ilisema kuna kitu kinapita kutoka mtu hadi mtu na kinachagua nyumba. Ilikuwa kweli. Kilikuwa kinapita, kwa mabawa. Wapelelezi walihitaji zaidi ya miaka 50 kuthibitisha kile ambacho wanakijiji walikihisi, na wanakijiji walihitaji mtu wa kuwaambia kwamba anayeanguka jikoni hana cha kukuambukiza, mvute.

Kama una ndugu mwenye kifafa, popote ulipo, Kariakoo au Kwiro, mambo ni machache. Akianguka, msogeze mbali na moto na maji, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kaa naye. Mate yake hayaambukizi. Kesho yake mpeleke hospitali. Na siku ya vidonge vya usubi ikifika kijijini kwenu, mpunga usubiri nusu saa.

Nikipata nafasi tena nitawaandikia habari za papasi wa Geigy. Tuonane wakati mwingine. Alamsiki.